Kura ya baba mdogo haijafika Dar es Salaam

Wiki hii dalali wangu wa hisa hapa Ohio amenitumia barua pepe kunitaarifu kwamba mkutano mkuu wa kampuni ambayo nina hisa zake chache sana umekaribia, na kwamba ninaweza kupiga kura bila kuhudhuria. Nilisoma majina ya wanaogombea ujumbe wa bodi, uteuzi wa mkaguzi wa hesabu na malipo ya watendaji wakuu, ambayo tangu 2011 hupelekwa kwa wanahisa japo kura yao ni ya ushauri tu. Nikachagua ndiyo au hapana kwa kila ajenda, na kazi ikaisha.

Nilifurahi, kisha nikamkumbuka baba yangu mdogo wa Tukuyu na furaha ikanitoka. Ana hisa za kampuni moja ya Dar es Salaam, gawio anapokea, lakini hajawahi kupiga kura hata mara moja. Mkutano hufanyika zaidi ya kilomita 800 kutoka kwake. Fomu ya kumteua mwakilishi imo ndani ya ripoti ya mwaka, kwa Kiingereza, na sharti imfikie katibu wa kampuni saa 48 kabla ya mkutano.

Najua nitaambiwa kwamba nimefika Marekani na sasa kila cha nyumbani ni kibaya. Hapana. Katika jambo la msingi sisi tumewazidi. Mwenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ana akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kuhifadhia hisa zake, na jina lake limo katika daftari la wanahisa. Mimi huku simo. Hisa zangu zimeandikwa kwa jina la Cede & Co., kampuni inayoandikishwa hisa za wawekezaji wengi kwa niaba yao, na dalali ndiye anayejua fungu langu ni lipi, na ninachotuma ni maelekezo tu ambayo kanuni zinamlazimisha kuyafuata. Kwa hiyo baba mdogo anayo kura yenyewe, nami ninayo ya kupitia mlango wa watu wengine, lakini yangu inafika na yake haifiki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Wala sisemi kwamba Wamarekani ni hodari wa kupiga kura. Wawekezaji binafsi huku huzipigia kura takriban asilimia 30 tu ya hisa zao, ilhali taasisi huzipigia kura sehemu kubwa ya hisa zao. Mtu asipotoa maelekezo, dalali anaweza kumpigia katika mambo ya kawaida kama uteuzi wa mkaguzi, lakini si katika uchaguzi wa bodi. Hata hivyo, anayenyamaza huku amenyamaza kwa hiari yake, kwa sababu karatasi ilimfikia.

Mwingine atauliza hisa mia mbili zitabadili nini mbele ya mwekezaji mkuu mwenye zaidi ya nusu. Mara nyingi hazitabadili matokeo, nakubali. Lakini nimewaona wakulima wa kahawa wa Mbozi katika mikutano ya AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, wakiibana bodi kuhusu makato hadi jua linazama, na hakuna anayewaambia wanyamaze kwa kuwa magunia yao ni machache. Ni kweli kwamba ushirika huhesabu watu na kampuni huhesabu hisa, ila haki ya kumhoji anayetunza fedha yako ni ileile. Wala hisa si jambo geni kwetu: MUCOBA ilizaliwa Mafinga kama benki ya wananchi wa Mufindi, na mwaka 2016 ikaorodheshwa sokoni.

Ninachodai ni kidogo. Fomu iandikwe kwa Kiswahili, iwe na nafasi ya ndiyo na hapana kwa kila ajenda, na ipokelewe Mbeya na Iringa badala ya kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Simu inayotumika kununua hisa itumike pia kupigia kura. Na ndugu zangu, fomu ikifika msiisaini na kuirudisha tupu, kwa kuwa mara nyingi fomu ya namna hiyo humpa kura mwenyekiti wa mkutano, yaani mtu wa bodi ileile mnayopaswa kuihoji. Sheria hailazimishi mwakilishi awe mwanahisa. Watoto wetu wamejaa Dar es Salaam. Mmoja wao anaweza kuingia ukumbini na fomu za ukoo mzima, zikiwa zimejazwa Tukuyu na wenye hisa wenyewe.