Kabla Hujapiga Windo, Uliza Kwanza: Njia au Jina?

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, alipeleka laptopu yake kwa fundi kwa sababu intaneti ilikuwa imegoma. Akarudishiwa baada ya siku mbili, kila tovuti inafunguka, akalipa kwa moyo mweupe. Usiku ule akatafuta masimulizi ya marehemu mama yake, aliyokuwa akiyaandika kwa Kimakonde tangu alipostaafu. Hayakuwepo. Fundi alikuwa amepiga windo upya, yaani amefuta kila kitu na kuweka Windows mpya, na nakala nyingine haikuwepo popote.

Jambo hili linanikereketa mpaka leo, kwa sababu nina hakika kubwa kwamba ile mashine ilihitaji dakika tano tu.

Nimejuaje? Kabla ya kugoma, mwanawe alikuwa ameiazima wiki mbili, akaitumia ofisini kwake Dar es Salaam. Ilipanda basi ikiwa nzima, ikafika Mtwara haifungui tovuti hata moja. Miezi kadhaa baadaye kijana akaja likizo na laptopu yake mwenyewe, ikafanya vilevile. Simu zote za pale nyumbani zilikuwa zinapata intaneti kwa waifai ileile. Mwalimu akaniita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ya kwangu iliumwa hivihivi. Itazame wewe kabla hajaipeleka popote."

Tulikaa barazani. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika ping 8.8.8.8, yaani nikabisha hodi kwenye mashine ya Google kwa namba yake. Majibu manne yakarudi, hakuna lililopotea. Nikaandika ping wikipedia.org. Mashine ikasema haimpati mwenye jina hilo. Hapo ugonjwa ulikuwa umeshajitaja. Namba inafikika, jina halijulikani: njia ni nzima, kilichokufa ni DNS, ule utaratibu unaogeuza jina la tovuti kuwa namba. Nikaingia kwenye mipangilio ya mtandao, nikakuta kwenye nafasi ya DNS mtu ameandika kwa mkono 192.168.10.5. Hiyo ni anwani ya mashine iliyo ndani ya ofisi ya kijana, na nje ya kuta za ofisi ile hakuna wa kuijibu. Nikarudisha mpangilio ili laptopu ipokee DNS kutoka kwenye ruta yenyewe, kile kifaa kinachogawa waifai nyumbani, nikaandika ipconfig /flushdns kufuta kumbukumbu za zamani, tovuti zikafunguka.

Mwalimu alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo na ile yangu ilikuwa hivi?"

Nikamwambia ninavyoamini. "Nadhani ndiyo, mwalimu."

Ukipiga windo upya, ile namba iliyoandikwa kwa mkono nayo inafutika, na intaneti inarudi kweli. Fundi anaamini ametibu, mteja anaona ametibiwa, na siku ya pili akija mwingine na tatizo lilelile dawa ni ileile. Simlaumu sana kijana wa kibandani aliyejifunza kazi kwa kutazama wenzake. Ila naulaumu utaratibu wa kufuta kwanza na kuuliza baadaye, na naulaumu kwa nguvu.

Maana DNS si jambo gumu kwa mtu wa huku. Tulibandikiwa namba za nyumba wakati wa operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, lakini ukipanda bodaboda hutaji namba. Unasema nipeleke kwa mwalimu fulani, nyuma ya msikiti. Dereva asipopajua anauliza kijiweni, na kijiweni wanamwelekeza. DNS ndiye huyo mtu wa kijiweni. Wewe unataja jina, yeye anarudisha namba, kompyuta inakwenda. Akiwa amehama, barabara haina shimo na nyumba imesimama palepale, lakini dereva amekwama. Sasa mtu aliyeambiwa intaneti imegoma anabomoa pikipiki.

Utaratibu huu wa DNS ulibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris. Kabla yake majina ya kompyuta zote za mtandao yalikuwa kwenye faili moja lililotunzwa California, na kila mwenye kompyuta alilazimika kuchukua nakala mpya. Mtandao ulipokua, faili likaelemewa.

Si kila mgomo ni wa DNS, na ndiyo maana nasisitiza kupima. Laptopu ikijipa anwani inayoanza na 169.254, ujue haijapokea anwani yoyote kutoka kwenye ruta, kwa hiyo habari ya majina bado haijafikiwa. Tazama pia saa: laptopu ya zamani ambayo betri ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa, na tovuti nyingi zitaikataa kwa onyo la usalama ingawa mtandao ni mzima. Halafu kuna siku njia yenyewe inakatika. Mei 2024 huku kusini tuliona zikikatika njia mbili, ya magari na ya intaneti. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na tarehe 12 mwezi huohuo hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ikaangusha intaneti nchini na kwa majirani. Siku kama ile hakuna mpangilio utakaokusaidia, na anayekuuzia ruta mpya anakula hela yako bure.

Wengi hushauri uandike namba za DNS za nje, 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya kampuni ya Cloudflare, kwenye laptopu na kuiacha hivyo. Zinafaa sana pale DNS ya kampuni inayokuuzia intaneti inapolala. Lakini kwa mashine inayosafiri kati ya nyumbani na kazini mimi sishauri, maana majina ya ndani ya ofisi, kama la printa, hazitayajua, na utakuwa umegeuza tatizo la mwalimu juu chini. Ziweke kwenye ruta ya nyumbani, laptopu iachie ipokee yenyewe.

Na hapo ndipo penye dhuluma nyingine. Nyumba nyingi nilizoingia, mwenye nyumba hana nywila ya kuingilia kwenye ruta yake. Aliyefunga intaneti ameondoka nayo. Umelipia kifaa, unalipa kila mwezi, lakini kubadilisha namba moja umpigie mtu simu na umsubiri. Usisaini wala usitoe hela ya mwisho kabla nywila hiyo haijaandikwa kwenye karatasi na wewe mwenyewe kuijaribu. Kwa fundi nako, kabla hujamkabidhi mashine, mwambie kwa sauti: usifute chochote bila kunipigia.

Mwalimu aliniomba nimwandikie zile amri mbili za ping kwa maandishi makubwa. Karatasi ameibandika ukutani juu ya ruta. Masimulizi ya mama yake ameyaanza upya, safari hii kwenye kaunta buku kwanza, na juzi alikuwa amefika ukurasa wa kumi na mbili.