Mgonjwa Kulala Gesti Si Aibu ya Ukoo

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, mpwa wangu aliyeko Songea aliandika kwamba mwanawe amepewa rufaa ya kuja Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hajawahi kufika Dar. Akauliza swali dogo tu: gesti ya bei nafuu inapatikana maeneo gani?

Hazikupita dakika tano, mzee mmoja wa ukoo akamjibu, "Gesti ni ya wasio na ndugu. Dar mna nyumba sita." Wengine wakamuunga mkono. Huyu akamtaja binamu aliyejenga Kivule, yule akasema Chanika kuna vyumba viwili vimekaa bure, kote huko pembezoni mwa jiji. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anatakiwa kufika kliniki saa ngapi.

Niliweka simu pembeni nisije nikamvunjia mzee heshima mbele za watu. Lakini kukaa kimya siwezi, kwa sababu tulishafanya kosa hili hili na mama yangu mdogo, na mimi nilikuwepo.

Mwaka 2019 mama mdogo aliletwa Ocean Road, hospitali ya saratani, kwa ajili ya mionzi. Wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, kila siku. Mimi wakati huo nilikuwa na chumba kimoja Tabata, hivyo kikao cha ukoo kikaamua afikie kwa binamu Chanika. Nyumba nzuri, uwanja mpana, kisima uani, mke wa binamu ana moyo wa dhahabu. Sote tuliona tumemtendea mgonjwa haki.

Sasa mfikirie mama wa miaka sitini na moja, ametoka Songea anakojua kila njia, anaamshwa saa kumi usiku. Anaoga kwa haraka, anatembea gizani mpaka kituoni. Daladala ya kwanza inamfikisha Gongo la Mboto. Hapo anasukumana na wafanyakazi na wanafunzi kugombea gari la Posta, katikati ya jiji, na mara nyingi hasukumani, anasubiri, kwa sababu nguvu hana. Akipata gari anasimama. Barabara ya Nyerere saa kumi na mbili asubuhi mnaijua. Anashuka Posta, anatafuta bajaji ya kumpeleka mpaka Barabara ya Barack Obama kule ufukweni, anafika ameshachoka kabla hata hajalazwa kwenye kile kitanda cha mashine. Dakika zake za mionzi zinaisha upesi. Halafu anaanza safari ile ile kurudi, jua la saa saba kichwani, tumbo linachafuka.

Wiki ya pili alikosa siku tatu. Na mionzi haitaki kurukwarukwa. Daktari anapanga dozi kwa mfululizo, na siku unazoziacha zinapunguza kile ulichokuja kukitafuta. Sisi ndugu tulidhani anadeka. Kuna aliyesema mama mdogo amekata tamaa, aombewe.

Kisha asubuhi moja akaanguka kituoni Gongo la Mboto. Konda ndiye aliyemdaka, akamkalisha kwenye benchi la muuza chai, akachukua simu yake na kupiga namba ya mwisho aliyoongea nayo, ambayo ilikuwa yangu. Nilipofika nilimkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nikamsalimia, akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: "Mwanangu, ugonjwa nauweza. Barabara ndiyo inayonimaliza."

Siku ile ile nikamtafutia chumba Kisutu, huko huko katikati ya jiji. Gesti ya kawaida kabisa, feni, chandarua, choo ndani. Bei ilikuwa 35,000 kwa usiku. Nilipowaambia ni mgonjwa na atakaa wiki tatu wakashusha mpaka 25,000. Kutoka pale mpaka Ocean Road ni mwendo mfupi wa bajaji, njia ya kupita karibu na bustani ya mimea, na hata foleni ikikaza unafika. Mama mdogo akaanza kulala mpaka saa moja. Anakunywa uji, anakwenda, saa nne ameshajinyoosha kitandani. Jioni anashuka kununua ndizi, anaongea na mama muuza matunda ambaye kumbe naye ni mtu wa Mbinga. Mke wa binamu akawa anakuja Jumamosi na hotipoti la wali na samaki, wanakaa kutwa nzima wakicheka. Kule Chanika walikuwa wanaonana usiku tu, mmoja amechoka na kazi, mwingine amechoka na barabara. Wiki zile tatu hakukosa hata siku moja, na zile siku tatu alizokosa akafidiwa mwishoni.

Kwa hiyo ninaposikia "gesti ni ya wasio na ndugu", namwona yeye kwenye lile benchi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba nyumbani kuna kitu ambacho gesti haina. Kuna mtu wa kukugusa paji la uso usiku wa manane. Kuna wanaoogopa kulala peke yao mji wa kigeni, na kuna siku za mwanzo ambapo mgeni anahitaji mwenyeji wa kumshika mkono. Na kama nyumba ya ndugu iko Upanga, Ilala au Magomeni, basi mjadala umekwisha, afikie huko. Lakini wangapi kati yetu tunakaa Upanga? Tumejenga kule viwanja vilikopatikana, Chanika, Kivule, Chamazi, Goba, Madale, na hakuna ubaya wowote. Ubaya ni kumfanya mgonjwa alipie kwa mwili wake umbali ambao sisi wenyewe tunaulalamikia kila siku.

Watu wa mikoani hawana namna ya kujua hili mpaka wafike. Songea ukisema "niko mjini", mtu anakufikia kwa miguu. Dar, kwa sensa ya 2022, ina watu 5,383,728, na karibu wote asubuhi wanaelekea upande mmoja. Kilomita kwenye simu hazikuambii kitu. Hata basi lenyewe siku hizi linakushusha Mbezi Luis, kwenye stendi ya Magufuli iliyofunguliwa 2021, na ukitoka hapo bado una zaidi ya kilomita ishirini za Barabara ya Morogoro mpaka Posta. Mgeni anashuka saa nne usiku akidhani amefika Dar. Hajafika. Ndiyo maana huwa nawaambia wanaokuja kutibiwa: njooni siku mbili kabla, usiku wa kwanza laleni hapo hapo Mbezi, asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa nyeupe ndipo muingie mjini.

Na kabla ya kulipia chumba chochote, soma barua ya rufaa kwa makini. Muhimbili ziko mbili. Iko ya Upanga, ambako ndiko kuna moyo na mifupa, na iko Mloganzila, ambayo unaingilia Kibamba, mbele ya Mbezi ukiwa unatoka nje ya jiji. Namjua baba mmoja wa Njombe aliyelipia chumba cha Kariakoo kwa wiki nzima, mgonjwa wake anatakiwa Mloganzila. Aliambiwa tu "kaa karibu na Muhimbili", na aliyemwambia hakuwa na nia mbaya.

Jingine ni Jangwani. Magomeni pana gesti nyingi za bei nzuri, na ukitazama ramani unaona Muhimbili hiyo hapo ng'ambo. Kweli ni hapo ng'ambo, ila katikati kuna bonde la Msimbazi. Masika ikikolea maji yanapanda juu ya barabara, mwendokasi unasimama, na magari yote yanakwenda kujazana daraja la Selander na Barabara ya Kawawa. Kama kliniki yako inaangukia Machi mpaka Mei, vuka bonde kabisa. Lala Upanga, Fire, Kisutu, au Kariakoo upande wa juu. Msimbazi Center pale Ilala nako ni pazuri kwa mtu anayetaka utulivu, na hosteli za makanisa kwa ujumla hazina muziki wa usiku.

Wanaokuja kwa mambo mengine wana hesabu zao. Mfanyabiashara alale Kariakoo yenyewe, karibu na mzigo wake. Anayevuka kwenda Unguja asubuhi alale Posta au Kisutu. Anayeondoka na basi la alfajiri, Mbezi. Sinza pana vyumba safi na bei inayozungumzika, lakini ulizia kwanza baa iko umbali gani na dirisha lako.

Narudi kwa mgonjwa, maana yeye ndiye ananiuma.

Ukimtafutia chumba usiangalie picha. Nenda mwenyewe ukakione. Ghorofa ya ngapi, na kama ni ya nne, lifti ipo na inafanya kazi? Maduka mengi ya Kisutu na Kariakoo yako chini na vyumba viko juu, na ngazi ni nyembamba. Fungua bomba. Kaa kitandani. Ulizia umeme ukikatika wana jenereta, kwa sababu Februari bila feni mtu mzima mwenye afya hasinzii, sembuse mtoto wa moyo. Waambie mapokezi wazi kwamba ni mgonjwa na atakaa muda mrefu. Wengi wanashusha bei, na mhudumu mwenye utu atakuwa anamgongea mlango kumjulia hali. Kuna gesti moja nilifika nikaambiwa wagonjwa hawapokelewi. Iliniuma sana. Lakini nikaona afadhali nimeambiwa mapema, mama mdogo akiwa bado hajapanda zile ngazi.

Kuhusu hela, najua ndicho kizito. Siku ishirini na moja kwa 25,000 ni 525,000, na hiyo ni bila chakula. Mkulima wa Songea hana hela hiyo mfukoni baada ya kulipa nauli na vipimo. Lakini ukoo wetu mwezi wa tisa ulichangia harusi. Tuliundiwa kundi, kamati, mweka hazina, tukakumbushwa ahadi zetu kila Ijumaa, na mimi nilitoa laki moja bila kulazimishwa. Ukumbi ulipambwa, tulikula, tulicheza, na wale watoto nawapenda. Ninachoomba ni kamati ile ile, kwa bidii ile ile, kwa ajili ya kitanda cha mtoto wa miaka minne. Wenye nyumba Chanika na Kivule tusiseme tumenyang'anywa mgeni. Tulete hotipoti. Tupokezane usiku ili mama yake naye alale. Tumsindikize kliniki ya kwanza, pale kwenye foleni ya kadi ambako mgeni hajui aanzie dirisha gani. Kazi ya kumpokea ipo tele.

Mzee nimempigia jana jioni. Nilimwamkia, tukaulizana habari za mvua na mahindi, kisha nikamweleza habari za lile benchi la Gongo la Mboto, kwa sababu hakuwahi kuambiwa. Sote tulimficha, tukasema mama mdogo amehamishiwa Kisutu "kwa ushauri wa daktari". Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Hicho chumba cha mtoto ni shilingi ngapi?"

Nimeshakipata, Upanga, chini kabisa, hakuna ngazi. Kliniki ni Jumanne asubuhi. Basi lao linaingia Mbezi Jumamosi usiku, na mimi nitakuwa pale stendi.