Jambalaya ya Louisiana na pilau yetu

Ndugu wa nyumbani wakinipigia simu huniuliza kwa huruma kama nimeshazoea kushindia mikate. Naishi Baton Rouge, Louisiana, Marekani, na huku watu wanakula wali hasa. Mpunga unalimwa jimbo hili hili, upande wa Crowley, na mji mdogo wa Gonzales, jirani na hapa, unajiita mji mkuu wa jambalaya duniani. Jambalaya ni wali unaopikwa na nyama, vitunguu na supu kwenye sufuria moja mpaka maji yakauke. Mtu wa Tanga haoni ugeni hapo.

Mabingwa wa jambalaya ya kahawia ni Wakajuni, wazao wa Wafaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza kutoka Acadie, Kanada ya leo, mwaka 1755. New Orleans wengi hutia nyanya, wali ukawa mwekundu. Mkajuni nyanya hatii. Rangi yote anaitafuta chini ya sufuria, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mimi hutumia sufuria nzito ya chuma. Natia mafuta kidogo na vipande vya mapaja ya kuku, kisha naviacha vishike. Sufuria ikipata utando wa kahawia, namwagia maji kidogo, nakwangua kwa mwiko, halafu naacha ishike tena. Soseji yao, andouille, ni ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Mimi Mwislamu natia ya ng'ombe. Ndipo vinaingia vitunguu vingi, pilipili hoho, seleri na saumu, na hapo hakuna haraka: vinanywea, vinalainika, vinaokota rangi yote iliyoshika chini. Kwa vikombe 2 vya mchele natia vikombe 3 na nusu vya supu ya kuku na pilipili kali ya unga. Ikichemka nafunika, moto mdogo, na kwa dakika 25 hivi mfuniko haufunuliwi.

Pilau ya kwetu nayo ilikuwa hivyo. Vitunguu vilikaangwa mpaka vikabadilika rangi, bizari nzima ikafuata, nyama, supu, mchele, halafu makaa yakapaliwa juu ya mfuniko. Siku hizi nikirudi likizo nakuta shughuli baada ya shughuli pilau imepakwa rangi ya unga, na harufu ni ya pakiti. Inapendeza kwenye picha. Mdomoni haina kitu.

Najua sababu. Mkaa ni ghali, mpishi ana shughuli nyingine jioni ile ile, wageni ni mia kadhaa. Lakini tusisingizie maisha ya kisasa, maana hakuna wanaokimbizana na saa kama Wamarekani. Hata hivyo Jumamosi utakuta wanaume wamesimama uani kwa kanisa tangu alfajiri, sufuria kubwa ya chuma motoni, mwiko mrefu kama kasia mkononi, wakipika jambalaya ya kuuza kwa sahani ili mgonjwa wa mtaani alipiwe hospitali. Na kwenye mashindano ya Gonzales wanapikia kuni. Wapo wanaotia rangi ya chupa, sikatai, ila wazee hawaachi kuwasema.

Hicho ndicho tulichopoteza: watu wa kusema. Sisi tunakula, tunamsifu mpishi, tunanyamaza. Ujuzi wa pilau ni wetu tangu enzi za mababu wa pwani, na haustahili kufa kwa sababu tunaona haya kumwambia tuliyemlipa kwamba kitunguu chake hakijaiva.

Kwa hiyo, shangazi, harusi ya Desemba naomba mpishi asiagizwe pakiti hata moja. Kama hana muda wa vitunguu, tutavikaanga wenyewe usiku wa kuamkia. Wanaume tupo, na mwiko nitashika mimi.