Haya, Ile Klipu Ni Mimi

Mliotumiwa klipu ya mtangazaji wa redio ya chuo anayeumbuka hewani, ndiyo, ni mimi. Aliyeisambaza tunalala naye chumba kimoja, na mwanzo ameukata makusudi, kwa hiyo msikieni mhusika mwenyewe.

Kipindi kilikuwa cha hakimiliki. Rudieni kusoma: hakimiliki. Mgeni ni mhadhiri wa sheria, mama wa heshima zake. Nikaona redio ya chuo haiwezi kuongea kikavu, nikaweka piano ya Beethoven chini chini. Nilijiona mjanja: Beethoven alifariki 1827, nani atanidai? Faili nililivuta usiku kwenye tovuti ya kuuza muziki, lile la kuonjeshwa kabla hujalipa. Nikasikiliza sekunde 10. Safi kabisa. (Acheni hizo, hata nyinyi mngesikiliza 10.)

Basi tuko hewani, mubashara. Mwalimu anasema, "Mtangazaji akicheza kazi ya mtu bila ruhusa..." Papo hapo, kutoka ndani ya piano, mwanamke nisiyemjua akatamka kwa Kiingereza cha taratibu, kama anayeita abiria: hii ni sampuli, haijalipiwa.

Mwalimu akanyamaza. Akanitazama kwa juu ya miwani. Nikameza mate, maiki ikayanasa. "Endelea tu, mwalimu." Akaendelea. Na yule mwingine akaendelea. Sampuli. Nikaruka kwenye mikisa, nikashusha sauti mpaka chini. Jamani, nilishusha ya mwalimu! Midomo yake inacheza, hasikiki. Hewani wamebaki piano na shahidi wa upande wa mashtaka. Haijalipiwa.

Nilipomrudisha, sijui shetani gani alinituma nijitetee: "Lakini mwalimu, Beethoven si alikufa zamani?"

"Beethoven, ndiyo," akasema kwa upole ule unaoumiza. "Nyimbo zake ni za wote. Ila huyu aliyepiga piano ana haki yake, na aliyerekodi ana yake. Mkataba wa Roma wa 1961 unawataja wote wawili. Hata nyinyi wenye redio mmo humo humo, mwanangu, mnalindwa."

Sampuli, akaitikia yule mama wa ndani ya piano.

Faili limefutwa, barua ya radhi imekwenda, meneja amenihamishia matangazo ya vitambulisho vilivyopotea, bila muziki. Huyu wa chumbani naye amemfanya yule mama wa sampuli mlio wa simu yake. Leo asubuhi nikamuuliza kama ana kibali cha kumtumia. Kabla hajajibu, simu ikaita.