Usikwangue vanishi ya fimbo ya zamani ya kuvulia

Fimbo ya kuvulia ya mwanzi ikishafifia na kuchubuka hapa na pale, wengi hukimbilia msasa na kuikwangua yote hadi mwanzi mtupu, halafu wanaipaka upya ing'ae. Napinga kazi hiyo. Naamini msasa umeharibu fimbo nyingi nzuri kuliko uzee ulivyoziharibu.

Sababu iko kwenye mwanzi wenyewe. Fimbo za aina hii, ambazo Waingereza walizitumia Kenya baada ya samaki wa trauti kupandikizwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare mwaka 1905, hutengenezwa kwa vipande sita vya pembetatu vilivyogundishwa pamoja, ganda likitazama nje. Nguvu ya mwanzi iko kwenye nyuzi zilizosongamana chini tu ya ganda. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo zinavyopungua. Kwenye ncha, ambako unene wote ni kama milimita mbili, kupitisha msasa mara chache tu kunaondoa nyuzi zile zile zinazoirudisha fimbo baada ya kupinda. Ikishalegea, hakuna vanishi ya kuirudishia nguvu.

Kwa hiyo tibu palipoumia, pazima paache. Anza kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha kausha papo hapo. Usiiloweke: fimbo nyingi za kabla ya Vita Vikuu vya Pili ziliunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, na gundi hiyo hulainika kwa maji na joto. Halafu gusisha pamba yenye tone la spiriti mahali pasipoonekana, karibu na mpini. Pakinata, hiyo ni shelaki, aina ya vanishi inayoyeyuka kwa spiriti. Izibe kwa shelaki nyembamba, maana mpya huyeyukia ndani ya ya zamani na mshono hauonekani. Pasiponata, yaelekea ni vanishi ya mafuta.

Palipobanduka, ondoa kwa ukucha magamba yaliyokwisha kuinuka tu. Lainisha kingo za vanishi iliyobaki kwa msasa wa maji namba 1500, kwa mkono mwepesi, na utazame kinachotoka. Ute mweupe ni vanishi. Ukianza kuona nyuzi za rangi ya majani makavu, umefika kwenye mwanzi. Acha hapo hapo.

Kama ni vanishi ya mafuta, nunua vanishi ya mashua. Ile ya samani za ndani hukauka ikawa ngumu mno, na fimbo ikipinda inapasuka. Usitikise kopo, utaingiza mapovu. Koroga taratibu, kisha weka kopo kwenye bakuli la maji ya moto ili vanishi iwe nyepesi. Mkono wa kwanza changanya sehemu moja ya tapentaini kwa kumi za vanishi. Paka kwa ncha ya kidole badala ya brashi, utando uwe mwembamba. Ngoja saa 24, sugua kidogo, paka tena. Mikono mitatu inatosha. Ukipaka nene, juu hukauka kwanza na kufungia tapentaini chini, ndipo yanapotokea makunyanzi na unato usiokwisha. Epuka siku za mvua. Nyanda za juu anza asubuhi, ili isikutwe mbichi na baridi ya jioni.

Kazi inayodai subira zaidi ni nyuzi zinazoshikilia pete za mshipi. Uzi uliokatika au kuoza, kata kwa wembe juu ya mguu wa pete peke yake. Kamwe usikate juu ya mwanzi, kwa sababu mkwaruzo mmoja wa kukatiza nyuzi za mwanzi ndipo fimbo itakapovunjikia. Kabla ya kurudisha pete, noa ncha ya mguu wake kwa tupa mpaka iwe nyembamba, la sivyo uzi utashindwa kuupanda na utaacha pengo. Anza kuzungusha milimita tatu au nne kabla ya mguu, mizunguko mitano ya kwanza ikikandamiza mkia wa uzi. Ikibaki mizunguko minane hivi, laza kitanzi cha uzi mwingine, zungusha juu yake, pitisha mwisho wa uzi ndani ya kitanzi, kivute, kisha kata kinachochomoza. Kaza kiasi cha pete bado kuweza kusogezwa kidogo kwa kidole, uinyooshe na wenzake. Uzi wa hariri ukipata vanishi huonyesha mwanzi ulio chini na rangi hukolea, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kijiti. Hapa paka mikono minne au mitano, wa kwanza mwepesi ili uzame.

Viungio vya chuma, vinavyounganisha sehemu za fimbo, visiguswe na vanishi wala stiliwuli (sufu ya chuma ya kusugulia). Dume na jike hushikana kwa kubanana. Ukipunguza chuma, fimbo itachezacheza. Kitambaa chenye spiriti kidogo kinatosha, bila kugusa vanishi ya pembeni.

Baada ya mkono wa mwisho, ining'inize wima wiki mbili kabla ya kuitia kwenye mfuko wake wa kitambaa, vinginevyo alama za kitambaa zitachapika kwenye vanishi. Ukitoka mtoni, usiifungie kwenye bomba lake ikiwa na unyevu, wala usiiache ndani ya gari lililo juani, hasa kama ni ya gundi ya ngozi.