Bustani ya Ufukweni Ianze na Udongo

Panapozungumzwa habari ya kuigeuza ardhi ya viwanda iliyo ukingoni mwa maji, tuseme hapa Mombasa baina ya Shimanzi na Kibarani, kuwa bustani ya umma, wengi wetu hukimbilia matofali ya kabro, taa na mabenchi. Mimi ningetaka kwanza kuona matokeo ya vipimo vya udongo. Ardhi iliyonyonya mafuta kwa miongo kadhaa haisafiki kwa malori machache ya udongo mwekundu na nyasi juu yake. Sisi wa Mombasa hilo tunalijua kwa uchungu, kwani watu wa mtaa wa Owino Uhuru walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na kiwanda kilipofungwa mwaka 2014 sumu ilibaki mchangani.

Huko Seattle, Marekani, kiwanda cha gesi kilifanya kazi kando ya ziwa tangu 1906 hadi 1956. Msanifu Richard Haag, alipopewa kazi ya kupafanya bustani, alikataa minara yenye kutu kubomolewa. Jengo moja la mitambo likawa mahali pa watoto kuchezea, na vifusi vilirundikwa, vikafunikwa udongo, vikawa kilima ambako watu hurushia tiara. Udongo wenyewe ulichanganywa na tope la majitaka ili vijidudu vipate nguvu ya kuyala mafuta. Bustani ilifunguliwa 1975. Hata hivyo mwaka 1984 ilifungwa kwa muda kwa sababu ya sumu, na hadi leo kuogelea pale ni marufuku.

Subira ya kazi hiyo tumewahi kuiona hapa kwetu. Katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye jiwe tupu, na aina nyingi zilikauka isipokuwa chache, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake membamba kama sindano yalitanda chini bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wenye miguu myekundu, wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Pale hapakuwa na sumu ya mafuta, kwa hiyo ufukweni kazi itakuwa ngumu zaidi.

Naiomba kaunti itangaze vipimo hivyo kwa Kiswahili kabla ya mchoro wowote kuchorwa. Palipoharibika sana pazungushiwe ua hata kwa miaka kumi, na panapofika maji ya bahari ipandwe mikoko. Tangi moja au mawili ya mafuta yasafishwe yaachwe yasimame, kwa sababu vibarua wa mji huu wamemwaga jasho lao hapo na wajukuu wao wana haki ya kuyaona. Kiingilio kisiwepo kabisa. Muuza mihogo ya kukaanga, yenye pilipili na ndimu, atengewe nafasi yake kwenye mchoro wenyewe, asije akafukuzwa siku ya ufunguzi, na wavuvi waachiwe njia pana ya kushushia ngalawa zao.