Taa Iliyokesha

Usiku wa kwanza nilipodhani nimemaliza kazi, taa ya nje ilikesha.

Nilikuwa nimeiunganisha na kamera ya ulinzi iliyo juu ya mlango: kamera ikiona mwendo, taa iwake, dakika mbili zikipita bila mwendo, izime. Jioni nilijaribu mara tatu, nikipita uani huku nimejikunyata kama mwizi mshamba, na kila mara taa ikaniwakia. Nikaenda kulala nikijisifu. Saa nane usiku naamka kunywa maji, taa inawaka. Saa kumi, inawaka. Uani hakuna hata panya.

Nilisimama dirishani na kikombe mkononi mpaka nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Taa haikuwa inawaka mfululizo. Kila baada ya dakika mbili ilizima, giza likaingia kwa sekunde chache, kisha ikawaka tena yenyewe.

Kumbe kamera na taa zilikuwa zinachokozana. Gizani kamera hizi huona kwa miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho yetu, zinayoitoa zenyewe, na picha huwa nyeusi na nyeupe. Mwanga ukirudi, kichujio kidogo husogea mbele ya kihisi cha picha kuizuia infraredi, na picha hupata rangi. Ule mlio wa "tik" unaousikia kwenye kamera magharibi na alfajiri ndio huo. Sasa fikiria kamera inavyoliona jambo hilo. Mtu akipita uani hubadilisha sehemu ndogo tu ya picha. Taa ikizimwa, picha nzima hugeuka kwa mkupuo. Kwa hiyo taa ilipozima, kamera ilipiga kelele: mwendo! Taa ikatii, ikawaka. Dakika mbili, ikazima. Mwendo! Ingeendelea hivyo mpaka jua lichomoze.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa maagizo: taa ikibadilika hali, puuza kamera kwa sekunde 30. Lakini usiku ule ulinifundisha kuisoma upya alama ya "mwendo" iliyo kwenye menyu ya kamera. Kamera ya kawaida haioni mwendo. Inalinganisha fremu hii, yaani picha moja ya video, na zilizotangulia, inahesabu pikseli (nukta za picha) zilizobadilika, na hesabu ikivuka kiwango ulichoweka, inatoa taarifa. Kivuli cha wingu ni mwendo. Taa za gari zikifagia ukuta ni mwendo. Mvua, majani, bendera, vyote ni mwendo. Buibui akining'inia sentimita chache mbele ya lenzi, akamulikwa na infraredi, anakuwa jitu jeupe linalomeza nusu ya uani. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kamera lazima iambiwe itazame nini, wapi, na kwa ukubwa gani.

Wengi wanaotaka kuifanya kamera iwe swichi ya nyumba huishia kuchezea kipimo cha usikivu. Ukikipandisha, taa inawakia kila jani. Ukikishusha, inakuacha umesimama gizani unatafuta funguo. Hakuna namba ya katikati itakayokuponya, kwa sababu swali lenyewe si sahihi. Unauliza "picha imebadilika kiasi gani?" wakati unachotaka kujua ni "kuna mtu?"

Swali hilo la pili sasa lina majibu mazuri. Tangu modeli kama YOLO, programu zilizofunzwa kwa picha nyingi kutambua vitu, zilipoanza kutolewa mwaka 2015, kutambua kitu ndani ya picha hakuhitaji tena maabara. Kompyuta ndogo iliyowekwa kabatini inaweza. Ninayoitumia mimi ni Frigate, programu huria, na ninachokipenda ni mgawanyo wake wa kazi. Hesabu ya pikseli, ambayo ni nyepesi, hukaa mlangoni kama bawabu: inaonyesha tu ni kona gani ya picha imetikisika. Kona hiyo ndiyo hukatwa na kupelekwa kwa modeli, ambayo ni nzito, iamue kama ni mtu, gari, mbwa au si kitu. Jibu linakwenda Home Assistant, programu inayoendesha vifaa vya nyumba, kwa MQTT, itifaki (lugha ya vifaa kutumiana ujumbe) iliyobuniwa mwaka 1999 ili kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Leo kwangu inabeba habari za paka.

Haya yote yanafanyika ndani ya nyumba, na kwangu hilo ni sharti. Kamera inayolazimika kurusha picha hadi seva ya mbali, isubiri uamuzi, kisha amri irudi kwenye taa iliyo mita mbili kutoka kwake, itakuwashia taa ukiwa umeshajikwaa. Na siku intaneti ikikatika, nyumba inakuwa kipofu.

Hapa sasa ndipo ninapotofautiana na mashabiki wenzangu wa nyumba zinazojiendesha. Ndani ya nyumba sitaki kamera iwashe chochote. Sebuleni, koridoni, chooni (ndiyo, nimesoma mtu akiuliza kuhusu chooni), kihisi cha PIR, kile kidogo kinachohisi joto la mwili, kinatosha. Hakina lenzi ya kupiga picha, kinahisi tu mabadiliko ya joto mwili unapokatiza mbele yake, na betri yake ndogo hudumu muda mrefu. Kasoro yake inajulikana: ukitulia, unatoweka, na utajikuta unapunga mikono gizani kama unayeita basi. Kwa mahali pa kukaa kuna vihisi vya rada vya mawimbi ya milimita, ambavyo hunasa hata kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi. Vyote viwili vinajua kuna mtu bila kujua ni nani wala amevaa nini. Mgeni wangu hana sababu ya kurekodiwa eti kwa sababu mimi ni mvivu wa kubonyeza swichi.

Hata nje, mipaka ipo. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyotoka Jamhuri ya Czech, kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia njia ya umma haiwezi kujificha nyuma ya kisingizio cha matumizi binafsi ya kaya. Sheria hiyo ni ya huko, lakini kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hulikosea popote walipo. Ukichora eneo la mwendo ili barabara isiwashe taa yako, barabara bado inarekodiwa. Umeiambia kamera ipuuze tu. Ili isionekane kabisa unahitaji kuifunika sehemu hiyo ya picha kwa rangi nyeusi, na huo ni mpangilio mwingine, mara nyingi kwenye ukurasa mwingine wa menyu. Jirani yako hajali umechora nini. Anajali anaonekana au haonekani.

Na kufuli? Hapana. Modeli inayotambua mtu hutambua pia mtu aliyechapishwa kwenye fulana iliyoanikwa kambani. Kabla ya kuunganisha chochote na kamera mimi hujiuliza: ikikosea, nitapoteza nini? Taa ikiwaka bure nimepoteza umeme kidogo. Redio ikijiwasha, nimecheka. King'ora kikilia saa tisa usiku kwa sababu ya nondo, nimepoteza usingizi wa mtaa mzima, na mara ya tatu hakuna atakayenyanyua kichwa hata akija mwizi wa kweli. Mlango ukifunguka wenyewe, sitaki hata kumalizia hesabu.

Kwa hiyo baada ya miezi mingi ya kuchezea, nimebaki na mambo machache. Mtu akionekana uani usiku, taa inawaka na dakika ya video inahifadhiwa. Tukiwa wote nyumbani, arifa za simu zinanyamaza. Hilo aliliomba mke wangu, na nilichelewa kumsikiliza. Mtu akikaribia mlango mchana, spika ya jikoni inatoa mlio mmoja. Basi.

Wiki iliyopita taa iliwaka saa tisa usiku. Nikafungua picha kwenye simu: paka, amekaa katikati ya uani, ameikodolea macho kamera. Pembeni yake modeli imeandika: mtu, asilimia 71. Nikapandisha kiwango hadi 80, nikazima simu, nikamwachia paka mwanga wake.